Deborah Kerr na Safari ya Mashimo ya Mfalme Sulemani

Wengi miongoni mwa walimu wa Kiswahili, tangu enzi za wazee wetu hadi sasa, walianza kuonja utamu wa riwaya kwa kusoma Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kitabu hicho kilitungwa kwa Kiingereza na H. Rider Haggard, kikatoka mwaka wa 1885. Tafsiri ya Kiswahili ni ya Frederick Johnson, nayo ilitoka mwaka wa 1929. Johnson ndiye yule aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1930 ili kusanifisha Kiswahili. Yafaa tutaje hapa kwamba neno lake "mashimo" limewasumbua wanafunzi wetu mara nyingi. Mwanafunzi wa leo akisikia shimo hufikiri tundu ardhini, wala hafikiri mahali pachimbwapo almasi, maana yeye amezoea kusikia migodi na machimbo. Lakini jina la kitabu likishazoeleka halibadiliki, nasi hatuoni sababu ya kulibadili.

Asomaye kitabu hicho kwa makini ataona jambo moja. Hakuna mwanamke wa Kizungu katika safari ile. Allan Quatermain, ambaye ndiye msimulizi, alijivunia jambo hilo tangu mwanzo wa hadithi. Wanawake wenye majina ni wawili tu, nao wote ni Waafrika: Foulata, msichana aliyempenda Mzungu akafa kwa ajili yake, na Gagool, ajuza mchawi ambaye wafalme wenyewe walimwogopa. Hata hivyo, katika sinema iliyotengenezwa na kampuni ya MGM ya Marekani na kuonyeshwa mwaka wa 1950, mwanamke wa Kizungu yumo tangu mwanzo hadi mwisho, na safari yote ni ya kwake. Anaitwa Elizabeth Curtis, na aliyeigiza nafasi hiyo ni Deborah Kerr. Tumeona vema tueleze maisha ya mwigizaji huyo, kwa sababu ya sifa zake mwenyewe, na kwa sababu sehemu kubwa ya sinema ile ilipigwa picha katika nchi zetu, ikiwamo Rwanda.

Deborah Jane Kerr Trimmer alizaliwa Glasgow, Skotilandi, tarehe 30 Septemba 1921. Baba yake alikuwa askari aliyepoteza mguu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Binti alianza kwa kujifunza dansi ya bale, na mwaka wa 1938 alicheza jukwaani London katika kundi la Sadler's Wells, lakini akaona kuwa njia yake ni uigizaji. Sinema yake ya kwanza kuonekana na watu ilikuwa Major Barbara, ya mwaka wa 1941. Miaka miwili baadaye, akiwa bado na umri wa miaka ishirini na kitu, alifanya kazi ambayo mwalimu yeyote wa fasihi angeipenda: katika The Life and Death of Colonel Blimp aliigiza wanawake watatu wa nyakati tatu mbalimbali, na kila mmoja akapewa sauti na mwendo wake.

Kisha ikaja Black Narcissus mwaka wa 1947. Humo Kerr ni Sista Clodagh, mkuu wa watawa wachache waliopelekwa kufungua shule na zahanati katika jumba la zamani kwenye milima ya Himalaya. Mtazamaji huapa kwamba amewaona watawa wale ukingoni mwa majabali ya India. La! Hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga India. Milima ile ilichorwa, na kazi karibu yote ilifanyika katika studio za Pinewood, Uingereza. Na mwaka huohuo India yenyewe ilijipatia uhuru. Twataja haya kwa sababu miaka miwili baadaye kampuni nyingine ilimchukua mwigizaji huyohuyo ikafanya kinyume kabisa: badala ya kuchora Afrika, ikamleta Afrika.

Kampuni hiyo ni MGM, iliyokuwa imemwita Hollywood ili aigize pamoja na Clark Gable katika The Hucksters, ya mwaka wa 1947. Wamarekani hawakujua jina lake litamkwe vipi, basi kampuni ikawatangazia kwamba Kerr hulingana kwa kina na neno la Kiingereza lenye maana ya nyota. Hila nzuri ya biashara! Kwa masikio yetu sisi jina hilo husikika kama "kaa", na mwanafunzi mmoja mtundu hatakosa kuuliza kama ni kaa la moto au ni kaa wa baharini.

Safari ya kupiga picha za sinema ya Mashimo ilifanyika mwaka wa 1949 na 1950. Waigizaji wakuu walikuwa Stewart Granger, aliyekuwa Quatermain, Deborah Kerr, na Richard Carlson. Waongozaji walikuwa wawili, Compton Bennett na Andrew Marton. Walipita Kenya, Tanganyika, Uganda hadi kwenye maporomoko ya Murchison, na Kongo ya Wabelgiji. Tena wakafika Ruanda-Urundi, mahali palipoitwa Astrida. Msomaji kijana huenda asilijue jina hilo. Wabelgiji waliuita mji ule kwa jina la malkia wao Astrid. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1962 ukaitwa Butare, na leo ni Huye. Sisi tulioko Muganza, huku bonde la Bugarama lenye mpunga na kiwanda cha saruji, tukitaka kwenda Huye hupanda Kamembe, tukavuka msitu wa Nyungwe, tukateremkia upande wa pili. Kwa hiyo sinema hii si habari ya mbali kwetu.

Hadithi ya kitabu ilibadilishwa ili apatikane mahali pa kumweka Kerr. Katika kitabu, Sir Henry Curtis anamtafuta ndugu yake aliyepotea. Katika sinema, Curtis ndiye aliyepotea, na mkewe Elizabeth anakuja kumtafuta. Quatermain hataki kumchukua mwanamke porini. Mwanamke analipa fedha nyingi, basi wanaondoka. Tangu hapo sinema ina safari mbili kwa pamoja: ile ya kutafuta mashimo, na ile ya bibi mwenye magauni mazito ya Uingereza ambaye anavua desturi zake moja baada ya nyingine kwa jua, wadudu na hofu. Kuna mahali anapochukua mkasi akazikata nywele zake ndefu, na mara baada ya hapo nywele zinaonekana zimepangika kana kwamba ametoka kwa msusi. Watazamaji wamelicheka jambo hilo kwa miaka mingi, nasi tumecheka. Lakini ukitazama uso wake, kazi ni ya kweli. Kerr alikuwa hodari wa kuonyesha mtu anayejizuia. Halii pale angeweza kulia. Hugeuza uso, hunyamaza, na mtazamaji huyajua yaliyo moyoni.

Ila kila aingiapo mgeni nyumbani, mtu mwingine husogezwa. Foulata hayumo kabisa katika sinema. Gagool hakuondolewa, bali amegeuzwa kuwa mwanamume, mshauri wa mfalme, na nafasi hiyo imechezwa na Sekaryongo. Wanawake wawili Waafrika wa kitabu wametoweka, akaingia mmoja wa Kizungu. Haggard alikuwa mtu wa enzi ya ukoloni, na mengi aliyoyaandika juu ya Waafrika hatuwezi kuyakubali. Hata hivyo katika kitabu chake mwanamke Mwafrika alisema, akaogofya, akapenda, akafa. Mwaka wa 1950 hakupewa hata hayo. Jambo hili lafaa kuwekwa mbele ya wanafunzi wa sekondari wanaosoma tafsiri ya Johnson, kwani mara nyingi hudhani kuwa kilichotengenezwa baadaye lazima kiwe kimepiga hatua mbele.

Wanaume wa kwetu walipata nafasi. Umbopa, yule mpagazi mrefu ambaye kumbe ni mrithi wa ufalme, ameigizwa na Siriaque; mfalme dhalimu Twala ameigizwa na Baziga; na Khiva, msaidizi wa Quatermain, ni Kimursi, Mkipsigi wa Kenya. Majina yao yameandikwa katika orodha ya waigizaji, na hilo halikuwa jambo la kawaida siku zile. Lakini yameandikwaje? Kila mmoja ana jina moja tu, na baada ya jina hilo limetajwa kabila lake. Stewart Granger hakuandikiwa kabila. Siriaque alibaki na jina la ubatizo peke yake, lililoandikwa kwa kukisiwa tu, maana Kifaransa huliandika Cyriaque. Jina alilopewa na baba yake kwa Kinyarwanda halimo.

Wachezaji wa ngoma ndio waliowashangaza watazamaji wa ng'ambo kuliko chochote. Ni intore hao, wacheza ngoma wa jadi ya ibwami, yaani kwa mfalme, wenye njuga miguuni na umugara kichwani, yale manyoya marefu yafananayo na ya simba, yanayotikisika kwa kila mruko. Neno lenyewe lina maana ya wateule. Siku zile Rwanda ilikuwa na Mwami Mutara III Rudahigwa, aliyetawala tangu mwaka wa 1931. Mwaka wa 2024 UNESCO iliiingiza intore katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Kadhalika, watengenezaji hawakumwajiri mtunzi wa kuwaandikia muziki wa Kizungu kama ilivyokuwa desturi ya Hollywood. Muziki unaosikika ni nyimbo na ngoma za Afrika. Kwa hilo twawapongeza bila kusita. Mpiga picha Robert Surtees alipata tuzo ya Oscar kwa rangi zake, na kazi ya uhariri ikapata nyingine.

Pongezi hizo hazituzuii kusema lililo zito zaidi. Katika miaka ya 1930 serikali ya Wabelgiji iliwaandikia Wanyarwanda vitambulisho vyenye kutaja Mhutu, Mtutsi au Mtwa, ikayafanya majina hayo kuwa kama ukuta usiorukika. Sinema ya MGM ilikuja baadaye ikauchukua ukuta huo ikaupaka rangi nzuri: ikautangazia ulimwengu "Wawatusi" warefu, watu wa ajabu, kana kwamba wao ni taifa la peke yao lililogunduliwa nyuma ya milima. Mtazamaji wa London au Chicago hakuambiwa kwamba watu wale walisema Kinyarwanda kama jirani zao wote, wakala chakula kilekile na kuoana nao. Hatusemi kwamba sinema ilileta maafa. Tunasema ilizoesha macho ya watu kutazama kimo badala ya mtu.

Biashara ilipokuwa nzuri, MGM haikuziacha picha zile zikae bure ghalani. Mwaka wa 1959 ilitoa sinema nyingine, ikaiita Watusi, na ndani yake ikatumia tena vipande vingi vilivyopigwa miaka tisa kabla. David Farrar, aliyekuwa pamoja na Kerr katika Black Narcissus, alikuwa mmoja wa waigizaji wake. Mwaka huohuo, tarehe 25 Julai, Mwami Mutara alifariki Usumbura. Mwezi wa Novemba mauaji na uchomaji wa nyumba ukaanza, na maelfu ya Watutsi wakakimbilia Burundi, Kongo, Uganda na Tanganyika. Watu walilipa kiingilio kutazama ngoma ya mwaka wa 1950, na huku nyumbani watu walikuwa njiani na mizigo kichwani.

Turudi kwa Deborah Kerr. Baada ya Afrika alicheza From Here to Eternity, ya mwaka wa 1953, ambayo sehemu yake ya ufuoni Hawaii imekuwa maarufu kupita kiasi, hata watu wamesahau jinsi alivyomwonyesha mke mpweke aliyechoka na ndoa yake. Mpaka hapo alikuwa akipewa wanawake wapole na wenye adabu. Sasa akathibitisha kwamba aweza mengine. Mwaka huohuo alicheza Tea and Sympathy jukwaani New York, na mwaka wa 1956 akairudia katika sinema.

Ndipo tunapofika kwenye The King and I, ya mwaka wa 1956, hadithi ya mwalimu wa Kiingereza katika jumba la mfalme wa Siam. Walimu tutamwelewa upesi mwanamke huyo! Humo kuna nyimbo nyingi, na Kerr hakuwa na sauti ya kutosha kwa nyimbo hizo. Waliajiri mwimbaji aitwaye Marni Nixon. Wawili hao walikaa pamoja majuma kadhaa, Nixon akijifunza namna Kerr anavyovuta pumzi na kuyakata maneno, Kerr akijifunza namna ya kuikaza shingo kama mwimbaji, hata masikio yasitambue ni wapi mmoja anaishia na mwingine anaanzia. Ni kazi ya matamshi ya hali ya juu, na sisi tunaokaa na wanafunzi wa Kinyarwanda tukiwafundisha kutenganisha r na l tunaijua thamani yake. Lakini jina la Nixon halikuandikwa popote katika sinema, na kampuni ilimwonya asithubutu kusema. Aliyesema ni Kerr. Yeye mwenyewe aliwaambia waandishi wa magazeti kwamba sauti ile si yake peke yake, akamtaja Nixon kwa jina. Mwaka uliofuata walishirikiana tena katika An Affair to Remember. Kwa maoni yetu, tendo hilo dogo lina uzito kuliko tuzo.

Na tuzo zenyewe zilimkwepa. Aliteuliwa mara sita kushindania Oscar ya mwigizaji bora wa kike: kwa Edward, My Son, kisha From Here to Eternity, The King and I, Heaven Knows, Mr. Allison, Separate Tables, na The Sundowners ya mwaka wa 1960. Mara zote sita aliitwa mwingine. Ajabu ni kwamba The Innocents, ya mwaka wa 1961, ambamo ni mlezi wa watoto anayeona mizuka, hata kuteuliwa hakuteuliwa, na wajuzi wengi huihesabu miongoni mwa kazi zake bora kabisa.

Mwaka wa 1960 aliolewa mara ya pili, na mume wake, Peter Viertel, naye alikuwa na Afrika katika kalamu yake. Viertel alishiriki kuandika The African Queen, sinema iliyopigwa picha Kongo na Uganda mwaka wa 1951 chini ya John Huston, kisha mwaka wa 1953 akatunga riwaya, White Hunter, Black Heart, inayomsuta mwongozaji ambaye anasahau sinema kwa uchu wa kumuua tembo. Kila msomaji alijua anasemwa nani. Mke alikuwa ameigiza bibi anayeongozwa porini na mwindaji. Mume alikuwa ameandika ubatili wa uwindaji wenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Kerr aliziacha sinema, akarudi jukwaani. Zilipofika siku za televisheni kuingia kila nyumba ya Ulaya na Marekani, akarudi kwa mlango huo. Alikuwa muuguzi katika Witness for the Prosecution ya mwaka wa 1982. Na katika A Woman of Substance, mfululizo ulioonyeshwa mwaka wa 1985, alikuwa Emma Harte wa uzeeni, mwanamke aliyeanza na utumishi wa nyumbani akaishia kumiliki maduka makubwa. Emma wa ujanani aliigizwa na Jenny Seagrove. Yule aliyewahi kuwa wanawake watatu peke yake, sasa aligawana mwanamke mmoja na mwenzake. Aliteuliwa kushindania tuzo ya Emmy, na mwaka wa 1986 ukafuata mfululizo mwingine, Hold the Dream. Sinema yake ya mwisho, The Assam Garden ya mwaka wa 1985, inamhusu mjane Mwingereza aliyewahi kuishi India ya wakoloni, na urafiki wake na jirani Mhindi, aliyeigizwa na Madhur Jaffrey. Safari hii mwanamke wa Kizungu na mwanamke wa nchi iliyotawaliwa wanakaa katika hadithi moja, wote wawili wana majina, wote wawili wanasema.

Tarehe 21 Machi 1994 Hollywood ilimpa Kerr Oscar ya heshima kwa kazi yake yote. Alisimama jukwaani, amekonda kwa ugonjwa, ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Siku kumi na saba baadaye, tarehe 7 Aprili, yalianza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Rwanda nzima, Butare na Cyangugu yetu zikiwamo. Matukio mawili haya hayana uhusiano, wala hatutaki kuyaunganisha kwa nguvu. Tunayaweka karibu kwa sababu kalenda imeyaweka karibu, na kwa sababu mjini Butare, Astrida ya zamani, waliuawa watu ambao huenda baba zao na babu zao walirukaruka mbele ya kamera ya Surtees.

Deborah Kerr alifariki Uingereza tarehe 16 Oktoba 2007, akiwa na umri wa miaka 86, baada ya kuugua Parkinson kwa muda mrefu. Viertel alimfuata tarehe 4 Novemba. Marni Nixon aliishi hadi mwaka wa 2016, na kufikia hapo dunia ilikuwa imeshamjua kwa jina lake.

Walimu wenzetu wanaofundisha tafsiri ya Johnson huku Rwanda, ambako Kiswahili kiliidhinishwa kuwa lugha rasmi mwaka wa 2017, wanaweza kufanya zoezi moja rahisi. Wanafunzi wasome sura Gagool anapotokea mara ya kwanza mbele ya mfalme, kisha waonyeshwe sehemu hiyohiyo katika sinema, halafu waandike kwa Kiswahili maneno ambayo yule ajuza wa kitabu angemwambia Elizabeth Curtis lau wangekutana. Sisi tulilijaribu katika darasa letu. Wavulana waliandika laana. Wasichana wengi walimfanya Gagool aulize maswali, na swali lililorudiwa zaidi lilikuwa: wewe umekaa mahali pa nani?